Uliza Habari za Maji Kabla ya Kulipia Nyumba ya Pwani

Shule zikifungwa, au harusi ya jamaa ikitangazwa, watu wengi wa bara huchanga fedha wapange nyumba pwani kwa juma moja. Siku hizi nyumba hutafutwa kwa simu. Mwenye nyumba hutuma picha ya mchanga mweupe na maji mazuri, nasi hutuma fedha. Lakini picha haisemi ilipigwa saa ngapi, na bahari ya saa nne asubuhi siyo ile ya saa kumi jioni.

Waliozoea ziwa wajue neno hili. Bahari yetu hujaa na kupwa karibu mara mbili kila siku, na toka kujaa hata kupwa ni kama saa sita. Wakati wa bamvua, yaani mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji ya pwani ya Tanzania na Kenya yaweza kupanda na kushuka kadiri ya mita 4. Huko Paje na Jambiani, mashariki ya Unguja, maji yakipwa huenda mbali sana. Mahali mtoto alipookota makombe asubuhi, jioni maji yaweza kumpita kimo.

Basi, kabla ya kulipa, ulizeni mambo manne.

Kwanza, njia. Nyumba yaweza kuwa karibu na bahari, kumbe katikati pana ukuta wa mtu. Tutapita wapi kwa miguu? Bibi ataweza kushuka? Maji yakijaa, njia hubaki kavu?

Pili, chini ya maji pana nini? Ni mchanga, au mawe makali na wale wanyama weusi wenye miiba mirefu? Kama ni hivyo, kila mtu achukue viatu vya kuingilia majini.

Tatu, mkondo. Maji yakipwa hutoka kwa nguvu penye mlango wa mwamba na penye mdomo wa mto. Hili muulizeni mvuvi wa pale pale, maana mwenye nyumba anataka wageni. Mtu akichukuliwa na mkondo asishindane nao kurudi moja kwa moja. Aelee, apunge mkono na kuita. Akiweza, aogelee kufuata pwani mpaka mkondo ulegee, ndipo arudi nchi kavu.

Nne, nani atawaangalia watoto? Fukwe nyingi hazina mlinzi wa waogaji. Mchagueni mtu mzima mmoja kwa zamu, asiyepika, asiyeshika simu, asiyekunywa pombe. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu 300,000 hivi walikufa maji duniani, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Tena mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele. Hutoweka kimya, watu wakizungumza.

Majibu mabaya hayavunji safari. Pengine yatosha kubadili saa ya kuoga, au kutafuta nyumba ufuko wa pili. Lakini mwenye nyumba akikasirika kwa kuulizwa, fedha zenu na zikae mfukoni. Nyumba nyingine zipo. Mtoto wako hana mwingine wa badala yake.