Mawindo ya Gharama Ndogo katika Ardhi ya Umma

Ndugu zetu wengi waliotoka Kongo na Burundi wakapata makao Marekani wamejikuta katika mji wa Boise, jimbo la Idaho, ambako milima huonekana kutoka dirishani na bei ya nyama ya ng'ombe humfanya mama wa nyumba ahesabu fedha zake mara mbili. Kazi ya ukurasa huu ni kuangalia chungu cha nyumbani popote kilipo. Kwa hiyo leo tutazungumza juu ya njia moja halali ya kukijaza chungu hicho: kwenda kuwinda mwenyewe, bila kiongozi wa kulipwa, katika ardhi ya umma.

Zaidi ya sehemu sita katika kumi za ardhi ya Idaho ni mali ya serikali ya shirikisho. Msitu wa Taifa wa Boise peke yake una eneo la hekta milioni moja hivi. Mwananchi aweza kupiga hema humo bila malipo, nje ya kambi zilizotengenezwa, kwa siku zilizowekwa, ambazo katika ardhi nyingi za namna hii ni 14. Wanyama nao si mali ya tajiri wala ya mwenye shamba. Husimamiwa na jimbo kwa niaba ya watu wote, na nyama yao hairuhusiwi kuuzwa. Anayetafutwa sana ni elki, mnyama wa jamii ya kulungu mwenye pembe za matawi. Dume hufikia kilo 300 au zaidi, na jike kilo 225 hivi. Si mzito kama pofu wetu, lakini ni mzigo.

Leseni ndiyo mwanzo wa hesabu. Mtu aliyekaa Idaho miezi sita na kutimiza masharti ya ukaazi hulipa leseni na kibali cha elki kwa fedha zisizofika dola 100. Mgeni wa jimbo jingine hulipa zaidi ya dola 700 kwa mambo yale yale. Kwa hiyo aliyehamia juzi asikimbilie. Na avute subira mpaka miezi yake itimie. Aliyezaliwa tangu tarehe 1 Januari 1975 hana budi kuhitimu mafunzo ya uwindaji kwanza. Naye aliyeko huko kwa viza ya muda aulize mapema, maana sheria ya silaha ya shirikisho haimhesabu sawa na mkaazi.

Jambo la pili ni ramani, kwa sababu mashamba ya watu binafsi yamo katikati ya ardhi ya umma, na kuvuka mpaka kwa bahati mbaya hakumwokoi mtu na kesi. Katika jimbo jirani la Wyoming, serikali iliyagawia makampuni ya reli kiwanja kimoja na kuacha kimoja katika karne ya 19, hata ardhi ikawa kama ubao wa dama. Mwaka 2021 wawindaji wanne walitumia ngazi kuvuka pembe ambapo viwanja viwili vya umma hukutana, bila kukanyaga ardhi ya tajiri wa hapo, wakashitakiwa. Mwaka 2025 mahakama ya rufani iliyoko Denver iliwapa haki. Habari hii yapendeza, lakini mamlaka ya mahakama hiyo hayafiki Idaho, na mwenye mfuko mwembamba hana sababu ya kwenda kujaribu sheria kwa fedha za wakili. Achague bonde ambalo barabara ya umma inaingia ndani yake moja kwa moja.

Sasa tufikie penye uzito. Watu hufikiri gharama ya mawindo ni bunduki. Bunduki huweza kununuliwa iliyotumika, ikapimwa shabaha kabla ya msimu, ikadumu miaka mingi. Kinachopoteza fedha na jasho ni nyama iliyooza mlimani. Tuchukue elki jike, ambaye nyama yake bila mifupa yaweza kufika kilo 60. Mtu mzima mwenye shanta imara hubeba kilo 20 au 25 mteremkoni bila kujiumiza. Hiyo ni mizigo mitatu. Mnyama akiangukia kilometa 4 kutoka barabarani, mbebaji mmoja atatembea kilometa 20 kabla kazi haijaisha, katika giza na baridi pengine. Wakiwa wawili, mmoja wao atakwenda mara moja tu. Ndiyo maana twasema aendaye peke yake asipite kilometa 2, hata akiona dume zuri ng'ambo ya pili. Sheria ya jimbo nayo inakataza kuiacha nyama inayofaa kuliwa.

Mwezi Oktoba usiku huganda, lakini mchana jua laweza kuwa kali. Mnyama akishaanguka, ngozi itolewe mara moja na mapaja yatenganishwe na kiwiliwili, kwa kuwa joto hujificha kando ya mfupa wa nyonga na hapo ndipo nyama huanza kuchacha. Mifuko maalumu ya nyama huuzwa madukani, ila foronya kuukuu za pamba, zilizofuliwa vizuri, zafaa sawasawa. Zitundikwe kivulini penye upepo. Ndani ya gari yawepo masanduku ya barafu na chupa za maji yaliyogandishwa nyumbani. Zikiyeyuka, maji hayamwagiki juu ya nyama, tena hunywewa. Alama ya jinsia ya mnyama ibaki kwenye nyama kama kanuni zinavyotaka.

Idaho haimlazimishi mwindaji kuvaa rangi ya chungwa ing'aayo, kama Colorado inavyofanya wakati wa msimu wa bunduki. Hata hivyo kizibao chake ni rahisi, na wenye bunduki msituni ni wengi. Kukivaa ni jambo la busara.

Wengi hurudi bila kitu. Kwa hiyo fedha za safari zisichukuliwe kamwe katika kodi ya nyumba au ada ya watoto. Chakula kiwe unga, maharagwe na chai vya nyumbani. Petroli igawanywe kwa wanaokwenda pamoja.

Aliyebahatika asimpelekee mchinjaji, ambaye hutoza dola mia kadhaa. Meza safi, kisu chembamba na jioni mbili zatosha. Ugonjwa wa kukondesha kulungu uligunduliwa Idaho mwaka 2021. Haujathibitika kumwambukiza binadamu, lakini wataalamu wa afya hushauri mnyama aliyetoka eneo lenye ugonjwa apimwe kwanza, na aliye nao asiliwe. Vipande vifungwe kwa plastiki, kisha kwa karatasi nene, viandikwe tarehe na kugandishwa. Nyama ya elki haina mafuta mengi: ya paja ikaangwe upesi, ya shingo na ya mguu ichemshwe polepole kwa vitunguu na nyanya, na ya kusaga iongezwe mafuta kidogo ya ng'ombe.