Tepe ni Amana ya Watu



Nyumba nyingi hapa Mkongo na katika Rufiji yote zina kijana aliyevaa sare. Wengi walianzia Jeshi la Kujenga Taifa, lililoundwa tarehe 10 Julai, 1963, kisha wakaandikwa katika Jeshi la Wananchi. Miaka ikipita hufika khabari kwamba kijana ataitwa kusailiwa ili apewe tepe, yaani awe koplo au sajini. Hapo baadhi ya wazazi hukimbilia kutaka kombe, na hirizi ya kufunga ndimi za wasaili. Dua ya mzazi ni jambo jema, wala hatulikatazi. Lakini karatasi iliyoshonwa mfukoni haitamjibia kijana atakapoulizwa. Basi mwezi huu twataka kueleza namna ya kumtengeneza.

Kwanza yapasa kufahamu kinachotafutwa. Katika jeshi la Wajerumani hapa kwetu, koplo aliitwa ombasha. Neno hilo ni la Kituruki, lilikuja na askari wa Kisudani walioandikwa Cairo mwaka 1889, na maana yake ni mkuu wa kumi. Angalieni basi: cheo hakikuitwa kwa mshahara wala kwa nguo, bali kwa idadi ya watu. Wasaili nao, kila wanaloliuliza, ndani yake mna swali moja tu: tukikupa watu hawa, watakuwa salama mikononi mwako?

Swali hilo si dogo. Tarehe 20 Januari, 1964, askari wa Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, Dar es Salaam, wakidai nyongeza ya mshahara na maafisa Waafrika badala ya Waingereza. Miongoni mwa walioongoza walikuwamo masajini. Tarehe 25 uasi ulizimwa na askari wa Kiingereza walioombwa na serikali, jeshi lile likavunjwa, na tarehe 1 Septemba mwaka ule ule likaundwa Jeshi la Wananchi. Hatusemi hapa juu ya madai yao. Twasema tu kwamba siku ya msukosuko askari humtazama mwenye tepe, kwa kuwa ndiye anayelala nao na kula nao. Neno lake hujenga kambi, na neno lake huibomoa.

Majeshi hayasaili kwa njia moja. Mengine hutazama zaidi kozi na mitihani. Katika jeshi la Marekani ni desturi anayetaka usajini kufika mbele ya baraza la masajini wakubwa, wakamtazama mavazi, mwendo, sauti na majibu. Kijana na afuate utaratibu wa kikosi chake. Lakini matayarisho ya nyumbani ni haya.

La kwanza ni macho na sauti. Sisi tumemlea mtoto ainamishe macho mbele ya mkubwa na ajibu kwa sauti ndogo. Hiyo ni adabu ya nyumbani, nayo ni njema. Mbele ya wasaili adabu ni kusimama wima, kutazama mbele, na kusema neno likasikika. Mtu asidhani kijana amekuwa jeuri. Kila mahali pana heshima yake. Akija likizo, baba mdogo au mjomba na akae kitini, amwite aingie, amwulize, naye ajibu. Chuoni mwanafunzi hapeleki sura kwa mwalimu kabla ya kusikilizwa na mwenzake; na hili ni vivyo hivyo.

La pili ni kujisema bila kujisifu. Wengi hunyamaza wakiulizwa wamefanya nini, kwa kuogopa majivuno. Nabii Yusuf, amani iwe juu yake, alimwambia mfalme kwamba yeye ni mlinzi wa hazina na mwenye ujuzi. Alisema lililo kweli kwa sababu kazi ilihitaji lijulikane. Kijana naye na aseme: nimewafundisha askari wapya kutunza silaha, nimeshika zamu ya ghala wala hakikupotea kitu. Hayo ni ushahidi. Kusema “mimi ni hodari kuliko wenzangu” ndiyo majivuno.

La tatu ni kukiri asilolijua. Imam Malik alikuwa bahari ya elimu, naye amepokewa kuwa aliulizwa masuala mengi na mengi katika hayo akajibu kwamba hajui. Mwenye kubahatisha mbele ya wasaili atabahatisha na mbele ya risasi. “Sijui, afande, nitajifunza” ni jibu la mtu wa kuaminiwa.

La nne, nalo ndilo kubwa, ni hukumu juu ya watu. Ataulizwa mathalan: askari wako amechelewa kurudi likizo, utafanyaje? Asiseme upesi kwamba atampiga au atamficha. Na amsikilize, apate hakika ya jambo, amjulishe mkubwa wake, afuate kanuni; kisha aangalie kama nyumbani kwa yule mna ugonjwa au msiba. Majibu kama haya hayakaririwi usiku mmoja. Kijana asiyejua majina ya wenzake wa chumba kimoja, wala nani kafiwa na nani ana deni, hata akiwa na viatu vya kung’aa hajawa tayari.

Mwisho twawaonya wazazi wanaouza mbuzi ili wapate cha kumpa mtu. Tepe iliyonunuliwa huwapa watu kumi kiongozi asiyejua kuwaongoza, na siku ya hatari watakaolipa ni watoto wa wenzenu. Kijana akikosa mwaka huu, asionewe haya nyumbani. Na aulize alipopungukiwa, ajifunze, arudi tena.

Mwenyezi Mungu awape vijana wetu ndimi za kweli na nyoyo za kuhurumia walio chini yao. Amin.