"Lima" Haimo Katika "Mlima"

Aghalabu wanafunzi wa Kiswahili hudhani kuwa programu kama sed, iliyobuniwa na Lee McMahon miaka ya 1970, ni ya watu wa tarakilishi pekee. Dhana hiyo ni potofu. Mathalani, mtafiti wa masimulizi ya wakulima wa Kerugoya huenda akataka kuongeza maelezo chini ya kila mstari unaotaja kulima. Akimwachia fundi wa tarakilishi, ataandikiwa:

sed -E '/lima|lime|limi/a [kilimo]' masimulizi.txt

Amri yenyewe haina dosari. Hata mstari wenye maneno mawili ya aina hiyo hupata maelezo mara moja tu. Lakini tazama kilichonaswa: "Mlima Kenya", "ulimi", hata "jua limetua"! Ilhali "kahawa hulimwa" na neno "kilimo" lenyewe yameponyoka. Fundi hana hatia, hakufunzwa viambishi. Anayejua kuwa li- na -me- katika "limetua" ni vya upatanisho na hali timilifu, na kuwa -w- katika "hulimwa" ni ya kutendwa, ni mwanafunzi wa Kiswahili. Hapana budi aandike ruwaza hizo mwenyewe, badala ya kupokea tasnifu ambayo kilimo chake kimebandikwa kwenye ulimi.