Mzungu mtalii, mzee maskini?

Mwaka 2003 kundi la waendesha baiskeli lilitoka Cairo, Misri, likanyonga hadi Cape Town, Afrika Kusini. Kilomita kama 12,000, miezi minne. Safari hiyo, Tour d'Afrique, imerudiwa mara nyingi tangu hapo, na hapa kwetu imepitia Arusha, Dodoma, Iringa na Mbeya. Wakipita tunasimama kuwashangaa. Mashujaa hao!

Haya. Naomba niulize swali la kizushi: mzee wa Kondoa anayenyonga Phoenix yenye gunia la alizeti kwenda mnadani, yeye tunamwitaje?

Mwaka jana nilijaribu nami. Tulikuwa watatu, tukatoka Babati alfajiri kwenda Kondoa, kama kilomita mia moja. Barabara ya Dodoma hadi Babati, kilomita 251, ni lami tangu 2018, tukadhani itakuwa mteremko. Kumbe! Vilima vya Bereko vilitutoa jasho, malori nusura yatutoe roho. Lori likija nyuma na basi mbele, mwenye baiskeli ndiye anayeruka kwenye majani. Niliruka mara tatu. Ya tatu, mwiba. Pancha.

Pampu tulikuwa nayo, viraka tulisahau (wasomi hao). Mzee mmoja akasimama, barakashia kichwani, gunia kwenye keria limefungwa kwa mipira ya tyubu. Tukamwamkia. Akatoa sulusheni mfukoni, akasugua, akabandika.

"Mnakwenda wapi wanangu?"

"Kondoa, mzee."

"Mnapeleka nini?"

"Hatupeleki kitu. Tunaendesha tu."

Akatutazama mmoja mmoja. "Mmetumwa na nani?"

Tulicheka, lakini jibu sikuwa nalo. Akatutoa kwenye lami, akatuingiza kwenye njia ya ng'ombe katikati ya mashamba ya mtama. Anaijua kama ua wa nyumba yake: wapi ushuke ukokote, wapi kuna mchanga, nyumba ipi utapewa maji. Vijia hivi ambavyo wageni wanalipa dola kuvipita vimechongwa na magurudumu ya watu kama yeye, wakipeleka mazao mnadani na wagonjwa zahanati.

Sisemi tuusifie umaskini. Mzee mwenyewe aliniambia siku akipata pikipiki, baiskeli anamwachia mjukuu. Ana haki. Hata bodaboda, jamani, ilizaliwa juu ya keria ya baiskeli pale Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, kabla haijawa ya pikipiki. Ninachopinga ni sisi tuliosoma kuiona baiskeli kama ushahidi kwamba mtu ameshindwa maisha. Nenda ofisini kwa baiskeli hapa Dar uone. Mlinzi getini atakuuliza barua unamletea nani. Mimi nimeulizwa. Wenzako wanakaa saa mbili kwenye foleni, lakini wa kuhurumiwa ni wewe!

Na wanaochora barabara ni sisi hao hao. Hapa mjini njia za baiskeli zilijengwa kando ya barabara ya mwendokasi iliyoanza kazi 2016. Pita jioni ukahesabu pikipiki na meza za matunda. Huko vijijini, hata palipo na ukingo wa lami, lori bovu ndilo linalolala hapo. Mimi nataka barabara kuu ikipita kijijini iachiwe njia ya baiskeli iliyotengwa na magari, hata ikiwa ya changarawe. Na kabla mhandisi hajaichora, akamuulize yule mzee watu wanapita wapi. Atamuonyesha bure.

Sisi alituonyesha bure. Tulipoachana karibu na Kolo aligoma kabisa kupokea hela. Nikamwomba basi achukue walau kofia yangu ngumu. Akaigeuzageuza, akanirudishia.

"Vaa wewe," akasema. "Bado una lami mbele yako."