Rongai si mbali, swali ni saa ngapi

Mwambie mtu wa Nairobi unataka kuhamia Rongai uone vile atakuuliza kama ushapata paspoti. Wa pili atataka kujua kama kule mnatumia shilingi ama mko na pesa zenu. Wa tatu atakutuma usalimie simba. Wiki hii nimezisikia zote, zingine mara mbili, na nakubali zinachekesha. Lakini mimi niko na hadi mwisho wa mwezi kuamua kama nitalipa dipoziti ya bedsita kule Ongata Rongai, na kati ya hao wachekeshaji wote hakuna hata mmoja ameniambia kitu ninachoweza kutumia kuamua.

Acha niwape hesabu yangu kwanza. Niko na miaka 24, nimelelewa Umoja, bado niko kwa mathe, na kazi niliyopata mwaka huu iko Karen. Kila asubuhi navuka jiji lote: gari moja hadi tao, natembea katikati ya watu wenye haraka kuniliko, halafu gari ingine hadi Karen. Jioni narudia hiyo safari kinyume. Nikifika nyumbani sina nguvu ya kushika kamera, na wale mnanifuata hapa mmeona vile posti zimepungua. Kwa hivyo kuhama ni lazima. Mahali ndio bado.

Sasa, ukiuliza kuhusu Rongai utapewa mitaa miwili tofauti. Kuna Rongai ya wanaoichukia: jam ya Magadi Road, nganya zinazoendeshwa kama dereva amechelewa harusi yake mwenyewe, maji ya chumvi, simu kuporwa gizani. Na kuna Rongai ya wanaoipenda: kodi unaweza kulipa bila kukopa, nyumba mpya zenye vigae, nyama choma hadi usiku wa manane, vijana wengi wa rika letu, na asubuhi ukitoka nje unaona Ngong Hills. Shida ni kwamba pande zote mbili zinasema ukweli. Ndio maana kuuliza "Rongai ni poa?" ni kupoteza bando.

Swali linalosaidia ni hili: hizo sifa zimetoka wapi?

Anza na ramani. Rongai haiko Nairobi. Ukiteremka Magadi Road ukavuka Mto Mbagathi, umeshaingia Kaunti ya Kajiado. Jina lenyewe ni la Kimaasai, na maana yake ni uwanda mwembamba. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 172,000 pale, na ukisimama stegi saa kumi na mbili asubuhi utaapa wote wanaelekea upande mmoja. Hao watu wote wanapitia barabara moja. Upande mmoja kuna Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, ambayo iko hapo tangu 1946, na hakuna mtu atakatisha barabara ya matatu katikati ya vifaru ndio wewe ufike kazini mapema. Kwa hivyo kila kitu kinaminywa kwenye Magadi Road hadi inapokutana na Langata Road pale Bomas na Galleria. Ni kama kumwaga ndoo kwenye shingo ya chupa.

Kutoka tao hadi Rongai ni kama kilomita 20. Jumamosi alfajiri hizo ni dakika. Ijumaa jioni ikinyesha, hizo ni episodi tatu za ile kitu unatazama kwa simu. Kwa hivyo mtu akikwambia Rongai ni mbali, muulize ni mbali saa ngapi.

Halafu kuna huo mpaka wa kaunti. Nairobi inachukua jasho la mtu wa Rongai kutoka asubuhi hadi jioni, lakini maji yake na maji taka yake ni kazi ya Kajiado. Kampuni ya maji ya huko ni Oloolaiser, si ile ya Nairobi, na ploti nyingi zinategemea visima vya kuchimbwa na malori ya maji. Ndio maana majirani wawili wanaweza kukupa hadithi tofauti kabisa. Mmoja mwenye nyumba wake ana kisima na matenki juu, mwingine anapanga mitungi kwa korido kila Jumatano. Na visima vingi vya maeneo haya vina chumvi, na baadhi vina floridi nyingi. Sabuni inakataa kutoa povu, na maji ya kunywa unanunua kando. Hiyo iweke kwenye bajeti kabla hujafurahia kodi.

Ukiangalia hivyo, utaona sifa mbaya ya Rongai kwa kiasi kikubwa ni sifa ya barabara moja na mpaka mmoja. Watu wanaongea ni kama kuna kitu kwa udongo, ama kwa tabia ya wanaoishi pale. Wanaoishi pale ni walimu, wanafunzi wa kampasi, manesi, mafundi, watu wa ofisi za Upper Hill na Karen. Ni mimi na wewe tukiwa na kodi ndogo.

Na hii ndio inaniudhi zaidi kuhusu sifa za mitaa: anayezieneza hulala kwingine, na bili inaletwa kwa anayekaa pale. Mimi ni mtoto wa Eastlands, hii naijua. Niko na rafiki wa Dandora ambaye kwa wasifu wake wa kazi anaandika anaishi Komarock, kwa sababu aliona akiandika Dandora simu hazipigwi. Kuna dereva wa teksi za simu anakubali safari, anaona unaenda wapi, anaghairi, na wewe umesimama nje saa tano usiku. Hiyo hatari haikuletwa na mtaa. Imeletwa na jina la mtaa. Kila mara tunarudia mzaha bila kufikiria, tunaongeza bei ya maisha ya mtu ambaye tayari anahesabu.

Lakini ngoja. Sitaki mtu atoke hapa akisema nimewaambia onyo zote ni porojo. Mimi ni msichana na nitakuwa naishi peke yangu. Mwanamke akiniambia "hiyo njia usipite usiku", sicheki. Januari 2024 wanawake waliandamana Nairobi na miji mingine kupinga mauaji ya wanawake, na kitu kimoja tulichokumbushwa ni kwamba katika kesi nyingi muuaji ni mtu aliyejulikana, na mauaji yalitokea ndani ya nyumba. Jina kubwa la mtaa na kamera za geti hazikutosha. Kwa hivyo usalama siupimi kwa jina la mtaa, uwe unasifiwa ama unatukanwa.

Nimejitungia kanuni moja tu. Onyo likija bila saa na bila mahali, naliweka kando. Likija na saa na mahali, naliandika.

Mfano. Jamaa mmoja aliniambia, "Rongai wezi ni wengi." Sawa, wapi Kenya wako wachache? Dada mwingine, amekaa huko miaka minne, aliniambia: shuka stegi yenye taa hata kama ni kutembea kidogo zaidi, usitoe simu ukingoja gari jioni, baada ya saa tatu chukua boda unayemjua jina, na usikubali nyumba ambayo kati yake na lami kuna kiwanja kitupu. Hayo ni maneno manne yenye kazi. Yule wa kwanza alinipa hofu, huyu amenipa ramani. Na angalia, anayejua hatari za mtaa vizuri zaidi ndiye bado anaishi pale.

Kanuni hiyo pia inafanya kazi kwa sifa nzuri. "Rongai ni bei rahisi." Rahisi kiasi gani? Nilikaa na kalamu.

Bedsita niliyoipenda ni 8,500 kwa mwezi. Kutoka pale hadi Galleria ni 70 siku ya kawaida, na 50 hadi Karen. Kwenda na kurudi ni 240, mara siku 22 za kazi ni 5,280. Maji ya kunywa kama 600. Jumla 14,380. Upande ule mwingine kuna chumba cha namna hiyo Langata kwa 16,000, nauli 100 kwa siku, yaani 2,200 kwa mwezi. Jumla 18,200. Kwa macho nilikuwa nimeona tofauti ya 7,500. Kwa kalamu ni 3,820, na bado hatujaongea kuhusu siku za mvua, wakati makanga anaangalia mawingu kabla ya kutaja nauli.

Halafu kuna masaa. Nimeenda Rongai mara tatu makusudi: Jumamosi asubuhi, Jumanne jioni na siku moja ya mvua. Ile Jumanne nilitoka Galleria saa kumi na mbili na robo nikafika saa mbili kasoro dakika ishirini na tano. Nikilinganisha na Langata, naona nitatumia nusu saa zaidi asubuhi na saa moja zaidi jioni. Hiyo ni saa na nusu kwa siku, masaa 33 kwa mwezi. Gawanya 3,820 kwa 33. Kila saa naketi kwa jam, Rongai inanilipa kama shilingi 115.

Hilo sasa ndilo swali langu halisi, na sikulipata kwa mzaha wa paspoti wala kwa vidio za "maisha ya Rongai ni tamu". Je, saa yangu moja ni 115? Kwa mtu mwenye mtoto anayemngoja nyumbani, hapana, na asihame. Kwa mtu anayefanyia kazi kwa nyumba, Rongai karibu ni zawadi, kwa sababu barabara inamhusu mara moja kwa wiki. Kwa mtu wa zamu ya usiku, hesabu ni ingine kabisa, na ya kwanza si ya pesa. Mtaa ni uleule, barabara ni ileile, na majibu ni matatu tofauti, yote sahihi.

Kwangu mimi jibu ni ndiyo, kwa mwaka mmoja. Hiyo 3,820 mara 12 inakaribia 46,000, na kwa mshahara wangu hakuna mahali pengine naweza kuitoa. Bosi amekubali niingie saa moja asubuhi nitoke saa tisa, kwa hivyo nitapita kabla jam haijakomaa, kwenda na kurudi. Asingekubali, ningesema la na ningebaki Umoja nikitafuta kitu cha karibu. Nataka hilo lieleweke: kilichobadilisha uamuzi wangu ni saa za kazi. Rongai haikubadilika hata kidogo.

Nimeweka masharti pia. Nyumba iwe ya kutembea dakika chache kutoka lami, njia iwe na taa na vibanda vilivyo wazi usiku. Nione maji yakitoka kwa mfereji mwenyewe, nisiambiwe "huwa yako". Meta ya tokeni iwe yangu peke yangu. Na niongee na mpangaji mmoja bila msimamizi wa ploti kusimama hapo, kwa sababu mpangaji akiachwa peke yake atakwambia kwa dakika mbili kile tangazo halitakwambia kamwe. Nyumba mbili zimeanguka kwa sharti la maji. Ya tatu imepita.

Mathe sikumwonyesha hesabu yoyote. Yeye hakuuliza kuhusu jam, simba wala wezi. Aliuliza, "Nani huko atajua kama hujarudi?"

Maze, nilinyamaza. Kwa sababu hiyo ndiyo sababu yetu ya kutembea Umoja usiku bila wasiwasi miaka hiyo yote, wakati watu wa mitaa mingine walikuwa wanatucheka. Mama mboga alijua sisi ni watoto wa nani. Fundi viatu alijua tunarudi saa ngapi. Sifa ya Eastlands kule nje ilikuwa mbaya, lakini ndani ya mtaa tulikuwa na majina.

Kwa hivyo Jumamosi iliyopita nilirudi tena Rongai, na sikuenda kuangalia nyumba. Nilikaa kwa kibanda cha chapati mkabala na hiyo ploti, nikala madondo, nikamwambia mwenye kibanda jina langu na kwamba nitakuwa natoka saa kumi na moja na nusu asubuhi. Akasema yeye huwasha jiko saa kumi na moja. Akaniuliza kama mimi ni wa chapati mbili ama tatu.

Nimelipa dipoziti.