Pikipiki ya Msikiti na Kosa la Muhtasari

Wiki mbili zilizopita, katika kikao cha kamati kilichofanyika baada ya sala ya Isha, tulifuta sentensi moja katika daftari la mihutasari. Tuliiandika wenyewe, kwa mkono wetu, na ilikuwa na maneno manane tu: kijana alianguka kwa sababu ya mwendo wa kasi. Wasomaji wa safu hii wamezoea kutuona tukizungumza malezi, mirathi na ada za madrasa. Leo watuwie radhi, tutazungumza springi za pikipiki, kwa kuwa ndizo zilizotufanya tuifute sentensi ile.

Msikiti wetu huku Mbagala una pikipiki moja, iliyonunuliwa kwa michango ya waumini. Humpeleka ustadhi kwenye madrasa ya pili, husambaza taarifa za msiba, na katika Ramadhani hubeba mchele na tende za futari. Aliyekabidhiwa ufunguo ni kijana mmoja wa hapa hapa mtaani. Makubaliano yetu naye yalikuwa mepesi: shughuli za msikiti kwanza, na saa zinazobaki abebe abiria, alete hesabu ndogo kila siku, kinachozidi kiwe chake. Kwa njia hiyo alikuwa akijikusanyia mahari.

Mwanzoni mwa masika tulimtuma amrudishe nyumbani bi mkubwa mmoja aliyetoka kliniki, na kwa kuwa njia ilikuwa moja, tukamfungia nyuma gunia la mchele la kilo 25 alifikishe kwa wafiwa. Kwenye mteremko wa kuelekea Mto Mzinga, pale ambapo maji ya mvua huchimba mifereji na kuacha mchanga, pikipiki ilipiga tuta, nyuma ikadidimia, ikaruka, ikadidimia tena, na gurudumu la mbele likapoteza njia. Bi mkubwa alivunjika mkono. Kijana alituambia kuwa chombo kiliyumba kama ngalawa iliyopakiwa tezi kupita kiasi. Tulimsikiliza kama mtu anavyosikiliza udhuru. Vijana na mwendo tunawajua, tulisema, tukamnyang'anya ufunguo, tukaandika.

Jambo lingeishia hapo, lakini mwezi uliofuata wazee wa upande wa binti walikuja kutuuliza habari zake. Kuulizwa tabia ya mchumba ni amana, na anayeulizwa hana ruhusa ya kuficha. Basi tukawafungulia daftari, tukawasomea maneno yale manane. Walishukuru, wakaondoka, na posa ikasimama.

Pikipiki aliichukua ustadhi. Yeye ni mwembamba, hafiki kilo 55, hakuona tatizo lolote. Lakini kila mweka hazina wetu alipoipanda, naye ana zaidi ya kilo 100, tairi la nyuma lilisugua mlinzi wa matope na kutoa sauti ya msumeno. Ndipo tukaipeleka kwa fundi mmoja mtu mzima, karibu na Rangi Tatu, ambaye kabla ya kushika spana alituuliza, "Katibu, hii pikipiki hubeba nani?" Tukamwambia hubeba yeyote. Akatikisa kichwa.

Kwanza aliinama, akatuonyesha jambo ambalo tulikuwa tukipita pembeni yake kila siku bila kuliona. Pikipiki za aina hii, iwe Boxer, TVS au zile za Kichina zilizojaa vijiweni, huwa na shokomzoba mbili nyuma, au shokapu kama vijana wanavyoziita, moja kila upande. Chini ya springi ya kila moja kuna pete yenye ngazi, kwa kawaida tano. Ukiizungusha pete kupanda ngazi, springi hubanwa kidogo zaidi kabla hata mtu hajakaa. Yetu ya kushoto ilikuwa ngazi ya kwanza, ya kulia ngazi ya tatu. Ya kulia, zaidi ya hayo, ilikuwa imevuja mafuta mpaka vumbi limeganda juu yake kama ugali mkavu. Mtu aliwahi kubadilisha upande mmoja kwa kubana matumizi. Mtu huyo, tukiri, aliidhinishiwa na kamati.

Baada ya hapo aliomba utepe, ule wa mafundi cherehani. Akaisimamisha pikipiki kwenye stendi kubwa, gurudumu la nyuma likining'inia hewani, akapima kutoka kwenye ekseli hadi alama aliyoichora kwa chaki juu yake, kwenye bodi. Sentimita 40. Akaziweka pete zote mbili ngazi ya kwanza, akaishusha pikipiki chini, akatuambia tupande na tukae kama mtu anayeendesha, miguu juu ya vikanyagio, huku mwanafunzi wake akiushika usukani. Akapima tena: 37. Tulikuwa tumeizamisha sentimita 3.

Hicho ndicho kipimo chenyewe, nasi tutakiita kuzama. Gurudumu la nyuma la pikipiki kama yetu lina nafasi ya kupanda na kushuka ya takriban sentimita 10. Mpandaji anapokaa, theluthi hivi ya nafasi hiyo inatakiwa itumike kwa uzito wake tu. Msomaji atauliza kwa nini izame hata kidogo. Ni kwa sababu barabara haina matuta peke yake, ina mashimo pia. Gurudumu likikuta shimo linapaswa kushuka lifuate ardhi, na haliwezi kushuka kama limekwisha kushuka lote. Sehemu iliyozama ni akiba ya mashimo, na inayobaki ni akiba ya matuta.

Kisha fundi akamwita mwanafunzi wake wa pili akae nyuma yetu, akapakia na betri kuukuu mbili kufikia uzito wa lile gunia. Akapima: 32 na nusu. Kati ya sentimita 10 zilikuwa zimebaki mbili na nusu, na hatujaondoka hata hatua moja. Tuta lolote la mtaani lingezimaliza, na hapo chuma hugonga chuma, nyuma hurushwa juu. Si hilo tu. Nyuma ikizama namna ile, mbele hunyanyuka: usukani unakuwa mwepesi, breki ya mbele haipati uzito wa kushikia, na usiku taa inawamulika machoni wanaokuja badala ya kuangaza njia.

Alizungusha pete zote mbili hadi ngazi ya nne kwa spana yenye umbo la mundu, tukapima kwa mzigo ule ule. Sentimita 34. Zilibaki nne. Kazi nzima ilichukua muda usiozidi wa kunywa kikombe cha kahawa, na spana ya namna ile mara nyingi huja na pikipiki mpya, chini ya kiti, ambako hulala mpaka ipotee.

Hapa tuonye kosa la upande wa pili, maana tumeliona vijiweni. Wapo wanaopandisha pete mpaka ngazi ya mwisho na kuiacha hapo siku zote, wakidhani wameifanya springi kuwa ngumu. Springi ni ile ile, ugumu wake haubadiliki kwa pete, kinachobadilika ni mahali inapoanzia kazi. Mwembamba kama ustadhi akiipanda pikipiki iliyokazwa hivyo, haizami kabisa, basi kila shimo gurudumu linaelea hewani na kila jiwe linamfika kiunoni. Madereva wengi wanaolalamika mgongo wangeanza kutazama hapo. Na ukiipandisha nyuma, angalia ulegevu wa mnyororo pia, kwa kuwa hubadilika pamoja na kuzama.

Lakini pete peke yake isingetosha. Mafuta ndani ya shokomzoba ndiyo yanayoizuia springi isiendelee kuchezacheza. Fundi alikandamiza kiti kwa nguvu na kukiachia: kinatakiwa kipande mara moja na kutulia. Chetu kilipanda, kikashuka, kikapanda tena. "Hiyo ndiyo ngalawa ya huyo kijana wenu," alisema, naye hakuwa amesikia maneno ya kijana ila kutoka kwetu dakika chache kabla. Tulinunua jozi nzima. Shokomzoba mpya hainunuliwi moja, wala pete haziwekwi ngazi tofauti, kwa sababu kila upande ukisukuma kwa nguvu yake, gurudumu la nyuma hulazimika kujipinda.

Akina mama wanaosoma ukurasa huu wana sehemu yao. Abiria akikaa, hasa akikaa upande, gurudumu linapanda kulifuata kiti. Pindo la baibui au kanga lililokuwa mbali na mnyororo pikipiki ilipokuwa imesimama linaweza kuwa karibu nao barabarani. Likusanyeni kabla ya kuondoka. Na mwenye ndoo ya unga aiseme mapema, si pale dereva alipokwisha kuwasha. Habari ya mishikaki, baba, mama na watoto wawili juu ya kiti kimoja, hatuna pete ya kuipendekeza. Hakuna ngazi ya sita.

Wazazi wa upande wa Kinondoni wametuuliza zaidi ya mara moja kuhusu baiskeli za mtumba zenye springi nyuma, ambazo vijana huzipenda kwa njia za milimani. Kanuni ni ile ile, ila kipimo ni kidogo: robo ya mwendo wa gurudumu, au ikifika mbali asilimia 30. Baiskeli hizo mara nyingi zililetwa zikiwa zimepangwa kwa mtu mzima wa kilo 80 na zaidi, nasi tunampa mtoto wa kilo 40, kisha tunashangaa kwa nini inamrusha. Kwenye fimbo ya shokomzoba yake huwa kuna kipete cha mpira. Kisogezeni hadi kiguse silinda, mtoto akae taratibu bila kuruka, ashuke taratibu, mpime kipete kimesukumwa umbali gani. Fimbo yenye mwendo wa milimita 40 isukumwe kati ya 10 na 12. Ikipungua, punguza upepo ikiwa ni ya upepo, au legeza pete ikiwa ni ya springi. Ikizidi, fanya kinyume chake.

Turudi kwenye daftari. Agizo la kuhakikisha habari kabla ya kumhukumu mtu tunalisikia mimbarini, na pengine ni sisi tunaoandaa vipaza sauti siku linaposomwa. Hata hivyo hakuna aliyeikagua pikipiki siku ile. Gunia tulilifunga sisi. Shokomzoba moja tuliinunua sisi. Hatusemi kijana hakwenda kwa kasi, kwani hatukuwepo. Tunasema tuliandika jambo tusilolijua, kisha tukalisoma mbele ya watu. Katika kikao tuliifuta sentensi, tukaandika kuwa chombo kilikuwa na hitilafu na mzigo ulizidi, na kwamba gharama za mkono wa bi mkubwa ni juu ya kamati. Mjumbe mmoja alipinga, akisema heshima ya kamati itashuka. Imeandikwa pia kwamba alipinga.

Siku ya pili tulikwenda, mwenyekiti na sisi, nyumbani kwa wazazi wa binti huko Chamazi, daftari likiwa mkononi. Tulikaribishwa chai na vitumbua. Baba yake alisoma mistari mipya mara mbili, akauliza kama ile ya kwanza ilifutwa kwa wino au kwa penseli, akaturudishia daftari. Hadi tunaandika haya hajatupa jibu.

Kijana amerudishiwa ufunguo. Ijumaa alitupeleka Tandika, na kabla ya kuwasha alituuliza tuna kilo ngapi, akachuchumaa na spana yake.