Bei ya Makaa Isiyohesabu Mti

Majira ya baridi ya 2022 kuingia 2023 yalikuwa mepesi barani Ulaya, na wepesi huo ulinusuru mifuko ya wengi. Vita vya Urusi na Ukraine vilikuwa vimepandisha bei ya gesi kupita kiasi, lakini kwa kuwa baridi haikuuma, nyumba zilitumia gesi kidogo na bei ikateremka. Huku Garissa, kaskazini mashariki mwa Kenya, hatuna majira ya kutunusuru hivyo. Hagaa inapoingia, Juni hadi Agosti, upepo hupoza jioni, mtu akajifunika shuka, yakaishia hapo. Hakuna anayewasha moto ili apate joto. Moto wetu ni wa anjera ya alfajiri, wali na nyama ya mchana, na chai ya maziwa isiyokoma kutwa. Moto huo huwaka miezi yote 12, kwa hiyo swali la nishati ipi ni nafuu halina likizo hapa.

Wengi hulijibu swali hilo kwa kuweka bei ya kujaza mtungi kando ya bei ya gunia la makaa. Hesabu hiyo haifai, kwa sababu chakula hakipikwi kwa mtungi wala kwa gunia. Hupikwa kwa joto linalofika sufuriani. Kilo ya gesi ina joto la takriban megajuli 46, makaa makavu karibu 29, kuni karibu 16. Jiko la gesi huingiza zaidi ya nusu ya joto lake katika sufuria. Jiko la bati la makaa huingiza robo au pungufu, na lile lenye koo la udongo ndani hukaribia theluthi. Mafiga matatu yaliyowekwa uani, penye upepo, hupoteza sehemu kubwa ya joto la kuni kabla maji hayajachemka.

Ukizidisha utapata kwamba kilo moja ya gesi hufanya kazi ya kilo nne hivi za makaa katika jiko la bati, kilo karibu tatu katika jiko la udongo, au kilo kumi za kuni kwenye mafiga. Hufanya pia kazi ya lita moja na robo tatu ya mafuta taa, au uniti kumi za umeme kwenye jiko la koili. Ukiwa na hesabu hizo, huhitaji mtaalamu. Chukua bei unayolipa kujaza meko, yaani mtungi wa kilo sita, igawanye kwa sita, kisha ilinganishe na kilo ya makaa ya mtaani kwako. Tuseme kilo ya gesi inakugharimu shilingi 280. Makaa ya jiko la bati yatapaswa kupita shilingi 70 kwa kilo ndipo gesi iwe nafuu. Ya jiko la udongo yatapaswa kupita kama 95.

Kwa kipimo hicho, mkazi wa Nairobi anayenunua makaa kwa mkebe mara nyingi hugundua kwamba gesi ingemgharimu kidogo. Huku kwetu mkokoteni wa punda huleta gunia mjini moja kwa moja kutoka porini. Makaa hushinda, na kuni za kuokota hazina mshindani kabisa. Sensa ya 2019 ilipata gesi katika karibu robo ya nyumba za Kenya. Katika Garissa, Wajir na Mandera imebaki ya wachache. Anayesema wananchi wa huku hawajaelimika kuhusu nishati safi hajakaa nao akapiga hesabu. Wanajua wanachofanya.

Kasoro imo ndani ya bei zenyewe. Bei ya makaa haihesabu mti. Mchomaji hutoza kazi yake, magunia na usafiri, basi. Mgunga alioukata hakuununua kwa mtu, ingawa ulikuwa na wenyewe. Ulikuwa malisho: majani yake ni ya ngamia, maganda yake yakidondoka wakati wa kiangazi ni ya mbuzi, kivuli chake ni cha kila apitaye. Ukame wa 2020 hadi mwanzo wa 2023, mvua za misimu mitano zilipokosekana mfululizo, uliwamalizia mifugo wafugaji wengi, na kwa aliyebaki mikono mitupu makaa ni miongoni mwa biashara chache zisizohitaji mtaji. Simlaumu. Lakini kila mti anaoukata unamwondolea jirani yake nafasi ya kuuvuka ukame ujao. Nafuu anayoipata mnunuzi wa mjini inalipwa na mfugaji, ambaye mara nyingi ni shangazi au binamu ya huyo huyo mnunuzi.

Dadaab ililijua hili mapema. Kambi za wakimbizi za Ifo, Hagadera na Dagahaley zilifunguliwa mwaka 1991 na 1992, na miti ya karibu ilipokwisha wanawake walilazimika kwenda mbali zaidi kutafuta kuni, ambako walivamiwa na kubakwa. Mwaka 1998 UNHCR ilianza kugawa kuni ili kuwapunguzia safari hizo. Kuni za mgao hazikutosha, kwa hiyo safari hazikukoma. Kuni tulizozoea kuziita za bure zilikuwa na gharama ambayo hakuna mizani ya kuipima.

Bei ya gesi ina kasoro ya upande wa pili: inabeba hata yasiyoihusu. Kila tarehe 14 ya mwezi EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, hutangaza bei ya juu ya petroli, dizeli na mafuta taa mji kwa mji, na Mandera huwa miongoni mwa miji ya bei ghali kabisa, lakini angalau wakazi wake wanaijua bei halali. Gesi ya kupikia haimo katika tangazo hilo. Nyingi yake huingia nchini kupitia Mombasa, inapanda lori, na ikifika ng'ambo ya mto Tana bei yake ni ile aliyoitaja mwenye duka. Mafuriko ya Novemba 2023 yalipoikata barabara kati ya Madogo na mji wa Garissa, na tena Aprili 2024 pale Kona Punda, ambako watu walizama wakivushwa kwa mashua, hapakuwa na lori la kupita. Familia iliyotegemea mtungi peke yake ingefanyaje siku hizo?

Ndiyo maana siridhiki na jibu la kodi. VAT ya gesi iliondolewa mwaka 2016, ikarudishwa kwa asilimia 16 Julai 2021, ikapunguzwa hadi 8 mwaka uliofuata, na mwaka 2023 ikaondolewa tena. Ni jambo jema, lakini anayenufaika ni yule ambaye tayari ana mtungi na kichomeo. Mama anayenunua makaa ya kutwa moja hawezi kulipia mtungi kwa mkupuo, hata gesi iliyomo ikiwa nafuu. Mafuta taa nayo yalitozwa shilingi 18 zaidi kwa lita mwaka 2018 ili kuwazuia wanaoyachanganya na dizeli, na waliokuwa wakiyapikia hawakupewa kitu badala yake.

Umeme? Mtambo wa jua wa Garissa wa takriban megawati 50 ulizinduliwa Desemba 2019, na umeme wake huingia katika gridi ya taifa. Uniti ya nyumba iliyo jirani nao haina bei ya kipekee. Tangu 2023 bei ya chini kabisa ni ya wasiozidi uniti 30 kwa mwezi. Hizo ni sawa na kilo tatu za gesi, kabla hujawasha taa.

Hata gesi ikishuka, makaa hayatatoka nyumbani mara moja. Uunsi hufukizwa kwa kaa la moto, na kibuyu cha maziwa ya ngamia husafishwa na kutiwa ladha kwa moshi wa kijinga cha moto. Mpango wowote usiojua hilo umeandikwa mbali na jikoni.

Mimi ningeanza na jiko la udongo. Hupunguza makaa kwa robo hivi, halingoji lori, na gharama yake hurudi upesi kwa anayenunua makaa kila siku. Serikali za kaunti zigharimie hilo kwanza. Pili ni mathenge, mti wa kigeni uliopandwa katika maeneo kama Bura miaka ya 1980 na sasa umeziba kingo za Tana na njia za mifugo. Makaa yake ni mazuri. Ukikatwa juu juu huchipuka upya, kwa hiyo kisiki lazima king'olewe, na kibali cha kuchoma makaa ya mathenge kinaweza kuficha magunia ya mgunga. Kwa hiyo kibali kitolewe kwa vyama vya wenyeji wanaolifahamu pori lao, wakague mzigo pale unapochomwa, si kwenye kizuizi cha barabarani ambako gunia limeshashonwa. Gesi ifuate: bohari ya kujazia upande huu wa mto, yenye akiba ya kupita msimu wa mvua, mitungi midogo ya kulipiwa kidogo kidogo, na bei ya Garissa, Wajir na Mandera itangazwe na EPRA tarehe ile ile 14.